Dk. Williamson wa Mwadui na almasi iliyopoteza zaidi ya nusu ya uzito wake

Sonara wa Mji Mkongwe anapouza dhahabu huanza na mizani. Hupima gramu, huzidisha kwa bei ya siku, huongeza ujira wa kazi yake, na hata bibi aliyetoka Chukwani kwa daladala kuja kumtafutia mjukuu wake bangili anaweza kuifuata hesabu hiyo kwa vidole. Almasi haiuzwi hivyo. Mawe mawili yenye uzito ule ule yanaweza kuwekwa juu ya meza moja, moja likawa na bei ya baiskeli na jingine bei ya gari.

Kwa nini iwe hivyo? Tunadhani njia rahisi ya kulieleza jambo hili ni kusimulia habari za mtu ambaye jina lake bado linatajwa Shinyanga kila almasi zinapotajwa: Dk. John Williamson, aliyeuvumbua mgodi wa Mwadui.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Canada. Alisoma jiolojia, yaani elimu ya miamba, katika Chuo Kikuu cha McGill, na alipata shahada ya udaktari mwaka 1933. Kazi ikamleta kusini mwa Afrika, kisha Tanganyika, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kusini ya Mwanza. Mgodi ule ulikuwa mdogo na kampuni ikakata tamaa. Williamson hakuondoka. Almasi, alijua, huundwa chini sana ardhini, zaidi ya kilomita 100, na huletwa juu na mwamba wa volkano uitwao kimbaliti. Kama almasi ndogo ndogo zilikuwa zikionekana kwenye changarawe za Usukumani, basi pahala fulani palikuwa na mdomo wa mwamba huo.

Aliutafuta kwa miaka kadhaa, akiugua malaria na kuishi kwa mikopo. Mmoja wa waliomwamini na kumpa fedha alikuwa wakili wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, I. C. Chopra, ambaye baadaye alikuwa mshirika wake. Mwaka 1940 akaupata, Mwadui. Eneo la mwamba ule ni hekta 146, zaidi ya viwanja 200 vya mpira, na ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani yaliyowahi kuchimbwa. Lakini wingi wa mwamba si wingi wa almasi. Unaweza kusaga tani nzima usipate hata karati moja, na karati moja ni gramu 0.2 tu.

Wakati huo vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepamba moto, na viwanda vilihitaji almasi za kukatia na kunolea vyuma, maana hakuna kitu cha asili kilicho kigumu kuzishinda. Hapa ndipo tunapokutana na tofauti ya kwanza ya bei. Almasi yenye giza, yenye nyufa au iliyojaa madoa huenda kiwandani, na bei yake ni ndogo. Iliyo safi huenda kwa sonara. Zote mbili zinatoka shimo moja na zinachimbwa kwa jasho lile lile.

Oktoba 1947 likatoka Mwadui jiwe la rangi ya waridi, lenye karati 54.5. Almasi nyingi hazina rangi au zina umanjano hafifu, na kwa almasi za kawaida umanjano huo hushusha bei. Waridi ni kinyume chake. Ni rangi adimu mno, na kadiri inavyokolea ndivyo bei inavyopanda. Williamson hakuliuza. Alimpa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, likiwa zawadi ya harusi yake ya tarehe 20 Novemba mwaka huo. Kumbuka, msomaji, kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na sisi wa Unguja tulikuwa nchi nyingine, chini ya Sultani Khalifa bin Haroub na chini ya Waingereza hao hao.

Jiwe lilipelekwa London, kwa wakataji walioitwa Briefel na Lemer. Machi 1948 Elizabeth na bibi yake, Malkia Mary, walikwenda kuitazama kazi yenyewe. Jiwe lilipomalizika lilikuwa na karati 23.6. Karati 30.9 zilikuwa zimekwenda, zaidi ya nusu. Sonara wa dhahabu akisikia hasara hiyo atashika kichwa, ingawa yeye angalau hukusanya vumbi la dhahabu na kuliyeyusha tena. Vumbi la almasi halirudi kuwa almasi ya pete.

Basi kwa nini wakubali kupoteza kiasi hicho? Kwa sababu ya mwanga. Almasi mbichi mara nyingi hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa pwani, na mtu asiyeijua ataipita. Mng'ao wake hutokana na jinsi ilivyokatwa. Mkato wa mviringo uliotumika kwa jiwe lile huwa na nyuso ndogo bapa 57 au 58, na kila uso hukaa kwa pembe iliyopimwa. Mwanga huingia kwa juu, hugonga nyuso za chini kama unavyogonga kioo, hugeuka, hugonga tena upande wa pili na kumrudia mtazamaji machoni, ukiwa umegawanyika vipande vyenye rangi za upinde wa mvua. Mkataji akilifanya jiwe kuwa bapa mno, mwanga hupenya chini na kupotea. Akiliacha nene mno ili kuokoa uzito, mwanga huvujia pembeni na katikati huonekana giza. Na wapo wanaofanya hivyo, maana mnunuzi asiyejua huuliza karati tu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mnunuzi anapopunjwa zaidi.

Usafi hutazamwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Ukubwa nao una hesabu yake: almasi ya karati mbili haiuzwi kwa bei ya almasi mbili za karati moja, huuzwa kwa zaidi sana, kwa kuwa kubwa ni adimu. Hayo ni kama rangi na mkato viko sawa. Jiwe dogo safi linaweza kulishinda kubwa chafu.

Mwaka 1953 jiwe la Mwadui liliwekwa katikati ya ua lililotengenezwa na Cartier kwa almasi nyeupe, likawa bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, na Malkia Elizabeth alilivaa miaka mingi.

Williamson mwenyewe alijua kuwa aliye na jiwe si lazima ndiye apangaye bei. Wakati ule karibu almasi zote za dunia zilipita mikononi mwa De Beers na washirika wake mjini London, na wapangaji wao ndio waliozitenga kwa ukubwa, umbo, rangi na usafi. Jiwe likishushwa daraja moja tu, mwenyewe amepoteza fedha. Aliona bei anayopewa haitoshi, akazuia almasi zake zisiende sokoni, na akashikilia hivyo mpaka wakaelewana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtu mkimya aliyependa kuishi porini, aliweza kuwatikisa matajiri wa London. Mwadui palikuwa na mji mzima, wenye hospitali, skuli na kiwanja cha ndege, lakini waliochimba pale hawakuwa na sauti katika bei ile.

Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Hakuoa. Mali yake ilikwenda kwa ndugu zake, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya kikoloni.

Jina lake limebaki sokoni. Mwaka 2017 almasi ya waridi yenye karati 59.60, iitwayo Pink Star, iliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 71.2 za Marekani. Oktoba 2022, mji huo huo, ikauzwa nyingine yenye karati 11.15 tu, iliyopewa jina la Williamson Pink Star kwa kuyaunganisha majina ya jiwe la Mwadui na la Pink Star. Ilileta dola milioni 57.7. Ukigawa, kila karati ya jiwe dogo ilileta zaidi ya mara nne ya karati ya jiwe kubwa.