Mwalimu Nyerere: kijana wa Butiama aliyefika Dar es Salaam bila kujulikana

Huku kwetu Bukavu, kijana anayemaliza ISP anajua kile kinachomngojea: pengine masomo ya Shabunda, Kindu ao Kalemie, mahali hana ndugu hata mmoja, na mshahara ambao unaweza kukawia sana. Jina la mwalimu limekuwa jina la kuhurumiwa. Lakini ngambo ya Ziwa Tanganyika, kuna mtu aliyefika kuwa rais wa inchi na hakutaka kuliacha jina hilo. Ni Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kule Butiama, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Kambarage alianza masomo Musoma akiwa na miaka 12, kisha akatumwa Tabora. Toka 1943 hadi 1945 alisomea ualimu Makerere, Uganda.

Kazi aliianzia Tabora, mji aliokuwa anaujua tayari. Masomo ya serikali yalimtaka, tena kwa faida nzuri zaidi. Yeye akachagua St. Mary's ya Mapadri Weupe, wale wale tunaowajua hapa Bukavu. Mwaka wa 1949 akaenda Edinburgh, kule Scotland, na akarudi mwaka wa 1952 na diploma ya chuo kikuu. Watanganyika wenye kuwa nayo walikuwa wachache sana.

Mwanzoni mwa 1953 akaoa Maria Gabriel, kisha akapata kazi St. Francis, Pugu, kilometa karibu 20 na Dar es Salaam. Pale ndipo alikuwa mgeni kabisa. Dar es Salaam ni mji wa pwani, wenyeji wengi ni Waislamu na wafanya biashara. Yeye alikuwa Mkatoliki kutoka bara, kabila lake dogo, hana jamaa mjini.

Hakujifungia Pugu na madaftari ya wanafunzi. Siku hakuna masomo, alishuka mjini, mara nyingi kwa miguu, akakaa na watu kama Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz, wenyeji wenye kuheshimiwa. Wao ndio walimfungulia milango. Mwezi wa Aprili 1953, akiwa bado mgeni wa miezi michache tu, akachaguliwa kiongozi wa chama cha TAA, na mtu aliyemshinda ni Sykes mwenyewe. Hata hivyo Sykes hakumgeuka, aliendelea kumsaidia. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU, chama cha kudai uhuru.

Shida ikaanzia hapo. Mwezi wa Machi 1955 Nyerere alienda New York kutetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi, ilikuwa lazima achague: masomo ao siasa. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na ule mshahara wa Pugu ndio uliowalisha. Akaacha kazi. Familia ikarudi Musoma, na kwa muda akapata riziki kwa kumfundisha padri mmoja lugha ya Kizanaki. Kumbe hata bila darasa, alikuwa bado mwalimu.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka wa 1962 akakuwa rais, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu. Katikati ya kazi zile zote alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili. Mwaka wa 1967 akaandika juu ya elimu ya kujitegemea, akitaka masomo yafundishe mtoto kuishi kijijini kwao, si kukidharau. Siasa yake ya vijiji vya ujamaa iliwatesa watu wengi waliohamishwa kwa nguvu, na uchumi ukaanguka. Mwaka wa 1985 akaachia madaraka kwa hiari yake.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Ndugu zetu wa Kivu ya Kusini waliokimbilia Kigoma toka vita vya 1996 wanajua: ukisema Mwalimu pale, bila kuongeza jina lingine, kila mtu anaelewa ni nani.