Fumo Liyongo, Mwimbaji wa Mtoni Kwetu

Katika vijitabu vya sherehe kama hii tumezoea kusoma maisha ya watunzi wa tenzi kutoka ng'ambo. Safari hii kamati imekubali tumweleze mtu wa huku kwetu, ambaye mashamba, mikoma na maji yaliyomo katika habari zake tunayaona kila siku. Hakuwa wa kanisa, na waliomtunzia nyimbo zake ni ndugu zetu Waislamu wa pwani. Lakini kwa yeyote anayesimama mbele ya watu kuimba, sijui maisha yanayotuhusu kuliko ya Fumo Liyongo.

Fumo ni mkuki, na hapo kale lilikuwa jina la cheo. Liyongo alikuwa wa ukoo wa watawala wa Ozi na Shaka, upande wa Kipini, mto unapoingia baharini. Wataalamu wanapishana kwa mamia ya miaka juu ya wakati alioishi. Masimulizi yanampa kimo cha jitu na nguvu za watu wengi. Tumwachie msimuliaji urefu huo. Sisi tunafuata sauti yake.

Aliyekuwa na kiti alikuwa jamaa yake, Daudi Mringwari. Wengine husema alitawala Shaka, wengine Pate. Liyongo alipendwa na watu kwa upinde wake, kwa ukarimu wake na kwa nyimbo zake, na kila alipopendwa zaidi Daudi alizidi kukosa usingizi. Wasomaji wa Biblia watatabasamu kidogo, maana katika habari hii mwenye jina la Daudi ndiye anayefanya kazi ya Sauli.

Waorma, ambao vitabu vya zamani viliwaita kwa jina wasilolipenda wenyewe, walipomwona Liyongo walistaajabu, wakataka mbegu yake ibaki kwao. Wakampa binti yao, naye akamzalia mtoto wa kiume. Wapokomo nao humtaja katika masimulizi yao, na wawindaji wa msituni, Waboni na Wasanye, wamo ndani ya habari zake tangu mwanzo. Kwa hiyo ukikusanya watu wote wanaokunywa maji ya delta hii, kila mmoja atakuambia Liyongo ni wake. Sisi tuliokuwa hapa mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 hatuhitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo lina uzito.

Daudi alianza kwa hila ndogo. Aliwaahidi wawindaji fedha, nao wakafanya kikoa cha kula makoma, kila mtu kwa zamu yake apande mkoma awaangushie wenzake. Zamu ya Liyongo ingefika, angekuwa juu mikono imeshika shina, na mishale ingemkuta huko. Zamu ilipofika hakupanda. Alichukua upinde akayapiga makoma kutoka chini mpaka yakawatosha wote, wakala, wakarudi na aibu yao.

Mwishowe alikamatwa, akatiwa minyororo na kufungiwa akingoja kuuawa. Hapa nawaomba msipite haraka. Kila siku mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku walinzi walikula kilicho kizuri wakamwachia makombo. Liyongo akamwimbia Saada wimbo wa kumpelekea mama. Ndani ya wimbo huo alimwagiza aoke mkate wa pumba, ule wa wishwa ambao mtu aliyeshiba hautazami mara mbili, na ndani yake afiche tupa ya kukatia chuma. Walinzi walikuwapo na wimbo waliusikia. Walichosikia ni mfungwa anayeimba. Mama alisikia agizo. Saada aliporudi, walinzi walichukua mkate mweupe kama kawaida yao, na ule wa pumba wakamrushia mwenyewe.

Kukata chuma kuna kelele, na mlango ulikuwa na watu. Basi alipoulizwa anataka nini kabla ya kufa, Liyongo hakuomba chakula wala msamaha. Aliomba gungu, ile ngoma ya kifahari ya harusi za pwani, ipigwe nje ya gereza, upatu na matoazi, watu wote wa mji waje. Yeye alitoa maneno akiwa ndani, wao wakaitikia nje, na chini ya kitikio tupa ikafanya kazi yake. Mwanakwaya yeyote ataona hatari iliyokuwapo. Kama waitikiaji wangelegea, kama mpiga upatu angepumzika kidogo, tupa ingesikika. Mji mzima ulimfungua mtu bila kujua, kwa kushika mapigo vizuri tu.

Minyororo ilipokatika alitoka. Masimulizi yanasema aliwaua walinzi wake, na sitalificha hilo kwa sababu tuko katika kijitabu cha kanisa. Kisha akaingia msituni, akaishi huko.

Nyimbo zinazohesabiwa kuwa zake zinaonyesha alichokithamini: upinde wake, mke wake, karamu ambayo mgeni hafukuzwi, na zaidi ya yote mama yake. Hakuna mahali anapomwomba Daudi kiti. Nyimbo za gungu ziliendelea kuimbwa kwenye harusi za Lamu na Pate, vizazi baada ya vizazi, na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, alizichukua beti za Liyongo akaziongezea mishororo yake. Mmisionari Edward Steere aliichapisha habari ya Liyongo mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Unguja. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, fundi wa kuchonga milango na mwenye hati nzuri ajabu, aliiandika yote kwa utenzi. Lakini kabla ya karatasi hizo, waliomhifadhi walikuwa waimbaji.

Kilichomshinda Liyongo kilitoka nyumbani. Ilijulikana kwamba silaha za kawaida hazimdhuru, ila ipo moja. Daudi akamwita yule kijana, mwana wa binti wa Kiorma, akamwahidi cheo na binti yake wa kumwoa. Kijana akaja kwa baba akamwuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua. Liyongo alitambua swali hilo limetoka kwa nani, na alimwambia mwanawe hivyo hivyo. Kisha akamjibu kweli: sindano ya shaba, kitovuni. Nimelifikiria jibu hili miaka mingi. Mtu aliyeweza kuwaficha walinzi maneno ndani ya wimbo hakutaka kumficha mwanawe neno.

Kijana alikwenda na sindano mara ya kwanza mkono ukakataa, akarudi tena ukakataa. Hatimaye akamchoma baba yake akiwa usingizini. Zawadi aliyoahidiwa hakuipata.

Liyongo aliamka na maumivu, akachukua upinde na mishale, akaenda mpaka kisima cha mji. Akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akauvuta, na roho ikamtoka akiwa hivyo hivyo. Waliokuja asubuhi na mitungi walimwona wakakimbia. Siku ya pili vivyo hivyo, na siku ya tatu. Mji ulikuwa na kiu, na hakuna shujaa aliyethubutu kukikaribia kile kisima, maana kila mtu aliamini mshale umeelekezwa kwake.

Wakamwendea mama yake. Huyu ndiye aliyeoka mkate wa pumba. Wakamwomba akamwimbie mwanawe, labda hasira itapoa. Akaenda peke yake akiimba, akasimama mbali kidogo, akaimba tena. Siku zote alipokuwa hai, Liyongo hakuacha kuuitika wimbo wa mama yake. Safari hii hakuitika. Mama akasogea, akaimba, mpaka yule aliyepiga goti akaanguka chini. Watu wakaja wakaiona sindano, wakamchukua kwenda kumzika. Huko Ozi na Kipini hadi leo huonyeshwa mahali panaposemwa kuwa pa kaburi lake. Kisha wanawake wakainua mitungi yao, wakateka maji.