Louis Leakey: Mzaliwa wa Kabete aliyefukua asili ya binadamu

MNAMO Agosti 7, 1903, huko Kabete, karibu na Nairobi, mmishonari Mwingereza Harry Leakey na mkewe walijaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Louis. Mtoto huyo alikua akizungumza Kikuyu kama wenzake wa kijijini, na hatimaye akaingizwa katika rika lao.

Akiwa na umri wa miaka 13 hivi, alianza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo, akaamini vilikuwa vimechongwa na watu wa kale. Mtaalamu wa makumbusho ya Nairobi alipothibitisha hivyo, kijana akawa ameipata kazi ya maisha yake.

Mnamo 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka uliofuata aliumia kichwani katika mchezo wa raga, akashauriwa apumzishe masomo. Badala ya kukaa bure, alisafiri mwaka wa 1924 hadi Tendaguru, Tanganyika, kufukua mifupa ya dinosaria kwa niaba ya Makumbusho ya Uingereza. Huko ndiko alikojifunza jinsi ya kuutoa ardhini mfupa uliogeuka jiwe.

Si kila mfupa hujaliwa kuwa kisukuku. Mnyama afapo, fisi humtafuna na jua na mvua humaliza mabaki. Lakini akifunikwa upesi na matope ya ziwa, mchanga wa mto au majivu ya volkano, mifupa husalimika. Maji ya ardhini huingiza madini polepole katika vitundu vya mfupa, hata ukawa mzito na mgumu kama mwamba. Juu yake matabaka mengine hurundikana, la chini likiwa kongwe kuliko la juu. Ndiyo maana mahali kisukuku kilipolala ni muhimu sawa na kisukuku chenyewe: kikishang'olewa bila ya kumbukumbu, hakiwezi tena kutaja umri wake.

Somo hilo Leakey alilipata kwa uchungu. Mnamo 1932 watu wake walipata kipande cha taya huko Kanam, karibu na Ziwa Victoria. Leakey alitangaza kwamba ni la binadamu wa kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell alipozuru eneo hilo mnamo 1935, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali hasa taya lilipotoka. Vigingi vya chuma alivyoacha kama alama havikuwapo tena, na picha aliyokuwa ameitoa ikabainika kuwa ya mahali pengine. Boswell aliyaanika hayo katika jarida la Nature, na sifa ya kijana huyo ikachafuka. Majuto yakawa mjukuu.

Hata hivyo hakukata tamaa. Mnamo 1936 alimwoa Mary Nicol, mtafiti makini kumliko yeye. Mwaka wa 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary aligundua fuvu la Proconsul, jamii ya nyani wa kale. Kisha, Julai 17, 1959, Louis akiwa kitandani kambini kwa homa, Mary aliona meno yakichomoza ardhini katika bonde la Olduvai, Tanganyika. Kiumbe huyo waliyempa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la Kiarabu la pwani ya Afrika Mashariki.

Safari hii mahali palijulikana barabara. Leakey alikuwa amekisia umri wa miaka 600,000. Lakini mwaka wa 1961 wanasayansi wa California waliyapima majivu ya volkano ya tabaka hilo, wakapata miaka milioni 1.75. Ulimwengu ulishangaa. Mnamo 1964, Leakey na wenzake wawili walitangaza Homo habilis, waliyeamini ndiye aliyechonga zana za mawe za Olduvai.

Maisha yake hayakukosa utata. Alikuwa mkalimani katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria, hadi mawakili wa utetezi walipompinga akajiondoa. Kwa upande mwingine, ndiye aliyemtuma Jane Goodall kuchunguza sokwe wa Gombe mnamo 1960.

Mwishoni mwa Septemba 1972, mwanawe Richard, ambaye walikuwa wamehitilafiana, alimwonyesha fuvu lililogunduliwa na Bernard Ngeneo huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mzee alifurahi mno. Siku chache baadaye, Oktoba 1, alifariki jijini London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 69. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Taya la Kanam halikupata kamwe heshima aliyolitakia. Lakini imani yake kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika, wakati wataalamu wengi walipoelekeza macho Asia, imethibitishwa na ardhi yenyewe.