Erich Korngold, mtunzi aliyeokolewa na filamu

Tunaposema orkestra hapa Kongo, watu hufikiri mara moja magitaa na rumba. Orkestra ninayotaka kuzungumzia leo ni ya namna nyingine: violoni nyingi, filimbi, tarumbeta, vinubi na ngoma, makumi ya watu wanaosoma muziki ulioandikwa huku wakimfuata kiongozi mmoja. Ndiyo inayosikika katika filamu nyingi kubwa, nyuma ya maneno ya wachezaji. Mmoja wa waliofundisha Hollywood kuitumia hivyo alikuwa Myahudi wa Austria, Erich Wolfgang Korngold, naye alikwenda kule bila nia ya kukaa.

Alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 katika mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki, lakini wakati ule ulikuwa chini ya kaisari wa Austria. Jina la Wolfgang alipewa kwa heshima ya Mozart. Baadaye jamaa ilikaa Vienna, ambako baba yake, Julius Korngold, aliandika juu ya muziki katika gazeti la Neue Freie Presse. Kalamu ya Julius ilikuwa kali, na wanamuziki wengi walimwogopa.

Mtoto alipokuwa na umri wa miaka tisa alipelekwa kwa Gustav Mahler, mkuu wa nyumba ya opera ya Vienna, akampigia muziki alioutunga mwenyewe. Mahler alishangaa sana, akashauri apelekwe kusoma kwa Alexander Zemlinsky. Mwaka wa 1910, Erich akiwa na miaka 13, mchezo wake wa ngoma uitwao Der Schneemann ulionyeshwa katika opera ya kaisari. Tarehe 4 Desemba 1920 opera yake Die tote Stadt ilianza kuonyeshwa siku moja katika miji miwili ya Ujerumani, Hamburg na Cologne. Alikuwa na miaka 23. Maadui wa baba yake walinong'ona kwamba kijana anapendelewa kwa sababu ya gazeti la mzee. Kijana hakuwa na kosa hapo. Tunajua hata sisi jinsi mtoto wa mtu mkubwa anavyolipishwa madeni ya babaye.

Mwaka wa 1924 alimwoa Luzi von Sonnenthal, nao wakapata wana wawili, Ernst na Georg. Miaka kumi baada ya arusi, Max Reinhardt, mkuu wa michezo ya jukwaani, alimwita Marekani ili atengeneze muziki wa Mendelssohn kwa ajili ya filamu ya A Midsummer Night's Dream. Kampuni ya Warner Bros. ilipenda kazi yake, ikamwomba nyingine. Captain Blood ya mwaka 1935, filamu ya wanyang'anyi wa baharini, aliiandikia muziki kwa majuma machache tu.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya peke yake. Usiku aliketi mbele ya piano katika chumba cha kuonyeshea filamu, picha zikipita ukutani, naye akipiga huku akizitazama, mara nyingi akirudia kipande kilekile. Hakupenda kupimiwa sekunde kwa mashine. Masikio na macho yalimtosha. Kwake filamu ilikuwa opera ambayo watu husema badala ya kuimba. Kwa hiyo kila mtu mkuu wa hadithi alipata wimbo wake, na wimbo huo ulibadilika kadiri hali yake ilivyobadilika. Mahali watu wanaposema, aliuweka muziki chini kidogo ya sauti zao ili maneno yasimezwe. Viongozi wa kwaya wanaopenda ngoma kuliko maneno wangeweza kujifunza kitu hapo!

Lakini moyo wake ulibaki Vienna. Mwanzoni mwa mwaka 1938 alikuwa huko akingojea opera yake mpya, Die Kathrin, ndipo simu ya maandishi ikafika kutoka Hollywood: aje upesi kuandika muziki wa filamu juu ya Robin Hood. Alisafiri pamoja na Luzi na Georg. Ernst alibaki na babu na bibi. Alipoonyeshwa ile filamu alikataa. Aliona ni mbio na mapigano tangu mwanzo hadi mwisho, na yeye hakujiona mtu wa kazi kama hiyo. Aliandika barua ya kukataa.

Ndipo habari zikafika kwamba tarehe 12 Februari mkuu wa serikali ya Austria, Schuschnigg, alikuwa ameitwa kwa Hitler na kushurutishwa. Korngold alielewa maana yake. Alikubali kuanza, kwa sharti la kulipwa kwa juma, ili aweze kuacha wakati wowote akiona kazi imemshinda. Hakuacha. Mwezi uliofuata askari wa Hitler waliingia Austria. Ernst na wazee walifaulu kutoka kwa gari la moshi, lakini nyumba ya Vienna ilinyang'anywa. Die Kathrin haikuonyeshwa huko. Kama Warner Bros. wasingemwita, jamaa yote ingalikuwa mikononi mwa wauaji, na yeye mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Mwaka wa 1939 muziki wa The Adventures of Robin Hood ulimpatia tuzo ya Oscar.

Katika miaka ile alifanya nadhiri: hataandika tena muziki wa jukwaani mpaka Hitler aondolewe. Aliandika wa filamu tu, akalisha jamaa yake kwa mshahara huo na kusaidia wakimbizi wengine. Kati ya vichache alivyoandika nje ya sinema ni vipande viwili vya ibada vya mwaka 1941, zaburi ya Pasaka na sala, kwa ombi la rabi Jacob Sonderling wa Los Angeles. Naona hapo alikuwa akisema kwa niaba ya watu waliobaki nyuma.

Vita vilipokwisha aliaga filamu, akarudia kazi yake ya kwanza. Mapokezi yalikuwa baridi. Huko Marekani wachambuzi walimhesabu kuwa mtu wa sinema, anayeuza sukari. Aliporudi Vienna mwaka wa 1949 alikuta mji umebomoka na wanamuziki wamegeukia sauti nyingine. Yeye alionekana mtu wa jana. Die Kathrin ilionyeshwa huko hatimaye mwaka wa 1950, ikaondolewa haraka. Symphony yake, aliyoiweka kwa ukumbusho wa rais Roosevelt, ilipigwa katika redio ya Austria mwaka wa 1954 bila maandalizi ya kutosha, na jambo hilo lilimchoma sana. Mwenye kukimbia hufikiri kwamba nyumbani kunamngojea kama alivyokuacha. Korngold alirudi Marekani, akafa Hollywood tarehe 29 Novemba 1957, na miaka 60 tu.

Georg alikuwa mtengenezaji wa sahani za muziki. Mwaka wa 1972 alitoa sahani ya muziki wa filamu za baba yake, ikanunuliwa kuliko ilivyotazamiwa, na watu wakaanza kuuliza ni nani huyu. Mwaka wa 1975 Die tote Stadt iliimbwa tena New York. Na John Williams alipoandika muziki wa Star Wars mwaka wa 1977, alifuata njia ileile ya orkestra kubwa na wimbo kwa kila mtu.

Kazi yake inayopigwa zaidi leo ni konseti ya violoni, ambayo Jascha Heifetz aliipiga mara ya kwanza huko St. Louis mwaka wa 1947. Baadhi ya wachambuzi wa wakati ule waliidharau. Nyimbo zake kuu Korngold alizitoa katika filamu zake mwenyewe: Another Dawn, Juarez, Anthony Adverse na The Prince and the Pauper.