Pamela, Mchoraji Ambaye Jina Lake Liliachwa

Kwetu Handeni mtu akitaka kujua ya kesho huenda kupigiwa ramli. Wazungu nao wana karata za taroti, 78 za picha: mfalme, mpumbavu, jua, mauti. Zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, tena kama mchezo tu. Kutazamia bahati kulikuja karne ya 18. Jamani, siandiki haya ili mkatabiriwe matokeo ya UE. Nataka tumjue aliyechora seti maarufu kuliko zote.

Pamela Colman Smith alizaliwa London mwaka 1878, wazazi wake Wamarekani. Utotoni aliishi pia Jamaika, akazisikia hadithi za Anansi, buibui mjanja ambaye ni ndugu kabisa wa sungura wa bibi zetu. Mwaka 1899 alizitoa kitabu. Alisomea sanaa Brooklyn, akaacha bila kuhitimu. Akiwa na miaka 21 alikuwa tayari yatima.

Mwaka 1909 Arthur Waite alimpa kazi ya kuchora taroti. Karata nyingi za zamani zilionyesha hesabu tu: vikombe vitano ni vikombe vitano, basi. Pamela akaweka watu, na mavazi, ngome na panga za Ulaya ya zama za kati. Kwenye vikombe vitano utaona mtu wa joho jeusi ameinamia vitatu vilivyomwagika, wala haoni viwili vilivyosimama nyuma yake. Hata asiyejua kusoma anaelewa. Hiyo ni zana ya kufundishia!

Kazi aliimaliza ndani ya miezi michache, akamwandikia rafiki yake kulalamika kwamba ilikuwa kubwa na malipo madogo. Karata zikaitwa Rider-Waite: Rider mchapishaji, Waite mwenye maelezo. Mchoraji je? Hayumo. Alifariki Bude, Uingereza, mwaka 1951, akiwa na madeni, na vitu vyake vikauzwa. Karata zake zinauzwa mpaka leo.

Lakini kumbe aliacha alama. Angalia chini ya picha zake: herufi za jina lake zimesokotwa kama kijinyoka.

Nilipokwenda Korogwe kwa mazoezi ya kufundisha, nilikesha nikichora mfumo wa mmeng'enyo kwenye manila. Mchoro ulibaki ukutani, na baadaye nikasikia unasifiwa kuwa wa mtu mwingine. Niliumia, ila sikuwa na cha kuonyesha. Mwaka huu nikirudi, kabla sijaanza na mdomo wala tumbo, nitaanza na kona ya chini.