Antonín Dvořák, Mtunga Muziki

Siku za Kwaresima, Wakristo wa Mpanda na Karema wafuatapo Njia ya Msalaba, huimba habari ya Bikira Maria aliyesimama chini ya Msalaba akimtazama Mwanawe akifa. Maneno ya wimbo huo ni ya kale. Yalitungwa kwa Kilatini katika karne ya 13. Watunga muziki wengi wameyatilia sauti, na mmoja wao alikuwa Mcheki, jina lake Antonín Dvořák. Yeye mwenyewe hakupata kufika katika nchi yetu, walakini kazi yake twaweza kuisikia hata huku, kwa kuwa imenaswa katika santuri. Mtu aisikiapo mara ya kwanza hujiuliza aliyeitunga aliijuaje huzuni kiasi hicho. Jibu limo katika maisha yake.

Dvořák alizaliwa tarehe 8 Septemba 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, kando ya mto Vltava, kaskazini ya mji wa Praha. Nchi hiyo iliitwa Bohemia, nayo zamani hizo ilitawaliwa na Kaisari wa Austria; siku hizi ni sehemu ya nchi ya Ucheki. Baba yake alikuwa mchinjaji, tena mwenye nyumba ya wageni. Hawakuwa na mali nyingi, lakini baba alipenda muziki, naye alijua kupiga ala ya nyuzi. Mwalimu wa kijiji akamfundisha mtoto kupiga fidla.

Baba alitaka mwanawe wa kwanza airithi kazi yake. Basi akampeleka katika mji mdogo wa Zlonice ajifunze Kijerumani, lugha iliyohitajiwa katika biashara. Huko kijana akakutana na mwalimu Antonín Liehmann, mpiga kinanda wa kanisa. Mwalimu huyu alikuwa mkali, lakini aliona upesi kipaji cha mwanafunzi wake, akamfundisha kinanda na kanuni za kutunga sauti. Hatimaye baba akakubali, na mwaka 1857 kijana akaingia Praha kusoma katika shule ya wapiga kinanda. Umri wake ulikuwa miaka 16.

Alipomaliza masomo mwaka 1859, hakupata kazi ya kupiga kinanda kanisani. Akajiunga na kundi la wapiga vyombo, akapiga fidla ile kubwa kidogo yenye sauti nzito. Kwa miaka mingi alikaa hivyo, mshahara wake mdogo, akifundisha watoto wa watu ili apate kula. Wakati wake wa faragha alitunga muziki. Kazi nyingi za ujana wake hazikumridhisha, akazichoma moto, kisha akaanza tena. Mwaka 1873 alimwoa Anna Čermáková, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Vojtěch mjini Praha.

Hapo ndipo msiba ulipoingia nyumbani mwake. Mwezi wa Agosti 1875 alizaliwa binti yao Josefa, naye aliishi siku mbili tu. Miezi michache baadaye baba yake alianza kutia sauti maneno ya Mama chini ya Msalaba. Aliiandika kazi hiyo kwa ufupi, kisha akaiweka kando, kwa sababu kazi nyingine zilimngoja.

Mwezi wa Agosti 1877 binti wa pili, Růžena, ambaye hajatimiza mwaka, alikunywa maji yaliyotiwa fosforasi, sumu iliyotumika zamani katika kutengeneza viberiti, akafa. Kabla ya mwezi kwisha, mwanawe Otakar, mwenye umri wa miaka mitatu, akashikwa na ndui, ugonjwa ambao sasa umekwisha duniani. Akafa tarehe 8 Septemba, siku ile ile baba yake alipotimiza miaka 36. Basi Dvořák na mkewe wakabaki peke yao katika nyumba isiyo na sauti ya mtoto.

Watu wengi wakipatwa na jambo kama hilo huacha kazi zao, wala hakuna awezaye kuwalaumu. Dvořák alizitwaa tena zile karatasi alizoziweka kando, akazikalia, akaandika sauti za waimbaji na za kila chombo, mstari kwa mstari. Tarehe 13 Novemba 1877 kazi ilikuwa tayari.

Kazi hiyo ina sehemu kumi, nayo huchukua kama saa moja na nusu. Mwanzo, vyombo hushika sauti moja, kwanza chini, kisha juu, kisha juu zaidi, kama mtu anayeinua macho yake polepole autazame Msalaba. Baadaye sauti hushuka hatua ndogo ndogo, mfano wa machozi. Kwaya haiimbi upesi. Huvingoja vyombo, ndipo waume na wake waingiapo. Waimbaji wanne huimba kila mmoja peke yake au kwa pamoja, na kwaya huwaitikia. Katika sehemu ya mwisho huzuni hugeuka: kwaya yote na vyombo vyote huinuka kwa nguvu na kuimba Amina, kisha hutulia kwa amani. Mtu asiyejua neno moja la Kilatini huyafahamu hayo kwa masikio yake.

Kazi hiyo iliimbwa mara ya kwanza mjini Praha tarehe 23 Desemba 1880. Mwaka 1884 Dvořák alialikwa London aiongoze yeye mwenyewe, na kwaya aliyoikuta huko ilikuwa na waimbaji zaidi ya 800. Yule mtoto wa mchinjaji akasimama mbele yao, wakamfuata. Nyumbani pia Mungu aliwafariji, kwa maana yeye na Anna walipata watoto wengine sita, wakakua.

Mwaka 1892 Dvořák alivuka bahari kwenda New York, Marekani, awe mkuu wa chuo cha muziki. Mwanzilishi wa chuo hicho, Bibi Jeannette Thurber, aliwapokea pia wanafunzi weusi, jambo lililokuwa adimu katika nchi ile. Mmoja wao alikuwa kijana Harry Burleigh. Babu yake alikuwa mtumwa zamani, naye ndiye aliyemfundisha mjukuu nyimbo ambazo watumwa waliziimba mashambani na katika sala zao. Dvořák alimkaribisha nyumbani, akamwomba aziimbe, akamwuliza maswali mengi juu yake.

Nasi tulio karibu na Karema twajua utumwa ulikuwa nini. Katika misheni hiyo watoto waliokombolewa walilelewa, na mganga Adrian Atiman, ambaye mwenyewe aliibwa na kuuzwa utotoni, alitibu wagonjwa huko kwa miaka zaidi ya 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Wako walioibwa wasipate mkombozi, wakavushwa bahari. Waliovushwa kutoka Afrika kwenda Marekani hawakuweza kuchukua kitu mikononi, lakini nyimbo zilibaki vinywani mwao. Siku hizo Wamarekani wengi walizidharau. Dvořák, ambaye taifa lake pia lilitawaliwa na wengine, alitangaza mwaka 1893 katika magazeti ya New York kwamba muziki mkuu wa Marekani ungeweza kujengwa juu ya nyimbo hizo. Wako waliomcheka, lakini hakurudi nyuma. Mwezi wa Desemba mwaka huo simfoni yake ya tisa, iitwayo ya Ulimwengu Mpya, ilipigwa mara ya kwanza. Hakuchukua nyimbo za watumwa akaziita zake. Alijitungia nyimbo mwenyewe, baada ya kusikiliza kwa heshima.

Mwaka 1895 alirudi kwao Bohemia. Sifa hazikumbadilisha. Alipenda kufuga njiwa, kutazama gari la moshi, na kukaa shambani pamoja na watu wa kijiji. Mwisho wa kazi zake nyingi aliandika maneno ya kumshukuru Mungu. Alifariki tarehe 1 Mei 1904, akazikwa Praha katika makaburi ya Vyšehrad.

Basi, wanafunzi, ikiwa siku moja mtapata kuisikia santuri ya kazi hiyo ya huzuni, msizungumze wakati inapopigwa. Sikilizeni mpaka Amina ya mwisho. Aliyeitunga alikuwa baba aliyezika watoto watatu, naye hakuiacha kazi yake nusu. Tena mkisikia bibi au babu akiimba wimbo wa zamani kijijini, msiucheke. Kaeni karibu naye, mjifunze, kama Dvořák alivyomsikiliza mjukuu wa mtumwa.