John Muir: Mtembeaji aliyemtoa Rais wa Marekani Ikulu akalale porini

Mei 1903, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliuacha msafara wake huko California, akaingia porini na mzee mmoja mwenye ndevu ndefu. Walilala huko siku tatu. Usiku wa pili theluji iliwaangukia wakiwa wamejifunika mablanketi, na Rais akaamka amefurahi kama mtoto.

Mzee huyo ni John Muir. Mbinu yake ya kulinda mazingira ilikuwa rahisi: tembea kwa miguu, kisha mtoe na mwenzako nje mkatembee wote.

Jicho lililobadili kila kitu

Muir alizaliwa Dunbar, Scotland, Aprili 21, 1838. Akiwa na miaka karibu 11 familia yake ilihamia Wisconsin, Marekani, kulima. Baba yake alikuwa mkali kwelikweli, na kijana alikulia kwenye kazi ngumu za shamba.

Alikuwa fundi hodari wa mashine. Lakini mwaka 1867, akiwa kiwandani Indianapolis, tupa ilimponyoka ikamchoma jicho la kulia. Jicho la pili nalo likapoteza uwezo wa kuona kwa muda. Alikaa wiki kadhaa kwenye chumba chenye giza, hajui kama ataona tena.

Alipopona, aliachana na kiwanda. Mwaka huohuo alitembea kwa miguu kutoka Kentucky hadi Florida, kama kilomita 1,600, akikusanya mimea njiani. Mwisho wa safari malaria ikamlaza, nusura imuue.

Mwaka 1868 alifika California, akaenda kuiona milima ya Sierra Nevada na bonde la Yosemite. Hapo ndipo moyo wake ulipobaki.

Kutoka mchungaji hadi mtetezi

Kiangazi cha 1869 alipata kibarua cha kusimamia kundi la kondoo milimani. Kibarua hicho kilimpa nafasi ya kuzunguka kote, lakini pia kilimfungua macho. Kondoo walikuwa wanamaliza nyasi na maua, wanaacha vumbi tupu.

Kuandika peke yake hakukutosha. Mwaka 1889 alimchukua Robert Underwood Johnson, mhariri wa jarida kubwa la Century, wakapiga kambi huko juu mhariri ajionee mwenyewe. Muir akaandika makala, Johnson akazichapisha na kuwabana wanasiasa. Oktoba 1, 1890, Yosemite ikawa hifadhi ya taifa.

Miaka miwili baadaye Muir na wenzake walianzisha Sierra Club, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Aliushika wadhifa huo hadi kufa.

Likizo yenye kazi

Mwaka 1901 chama hicho kilianza likizo za kutembea milimani kila mwaka. Safari ya kwanza ilikuwa na karibu watu 100, wanaume kwa wanawake, na Muir mwenyewe alikuwemo.

Haikuwa starehe tu. Hesabu ilikuwa hivi: mtu aliyelikanyaga bonde kwa miguu yake, akanywa maji ya mto wake, hatakaa kimya likitaka kuharibiwa.

Kwa Roosevelt hesabu hiyo ilijibu. Mwaka 1906 alitia saini kulirudisha bonde la Yosemite, lililokuwa chini ya jimbo la California, mikononi mwa serikali kuu ili liwe sehemu ya hifadhi.

Afrika Mashariki naye alifika

Mwaka 1911, akiwa na miaka 73, Muir alifunga safari ya Amerika Kusini na Afrika kutafuta miti aliyoiota kwa miaka mingi. Mmojawapo ni mbuyu, aliouona karibu na Maporomoko ya Victoria mwanzoni mwa 1912.

Kutoka hapo alipanda meli hadi Mombasa, kisha akaenda bara mpaka Ziwa Victoria. Roosevelt alikuwa amepita bandari hiyohiyo miaka mitatu kabla yake, yeye akienda kuwinda.

Vita aliyoshindwa

Sio kila vita alishinda. Baada ya tetemeko la 1906, jiji la San Francisco lilikazana kutaka kujenga bwawa kwenye bonde la Hetch Hetchy, ndani ya hifadhi yenyewe. Muir alipinga kwa miaka. Tatizo ni kwamba Hetch Hetchy lilikuwa mbali, na Wamarekani waliolifikia walikuwa wachache. Desemba 1913 bwawa liliruhusiwa kisheria.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 24, 1914, Muir alifariki kwa nimonia mjini Los Angeles, akiwa na miaka 76.

Kuna doa pia. Yosemite haikuwa ardhi tupu. Wenyeji wake, Waahwahneechee, walikuwa wamefurushwa kwa bunduki mwaka 1851, na baadhi ya maandishi ya Muir yaliwadharau Wahindi Wekundu na watu weusi. Mwaka 2020 Sierra Club yenyewe ilikiri hadharani kwamba maneno hayo yaliumiza watu.

Njia yenye jina lake

Leo njia ya John Muir, yenye urefu wa kilomita kama 340, inaanzia Yosemite hadi Mlima Whitney. Wengi huitembea kwa wiki tatu hivi, mzigo mgongoni.

Lakini huwezi kujiendea tu. Lazima uwe na kibali, na idadi ya wanaoruhusiwa kuanza kila siku ina kikomo. Muir alihangaika kuwatoa watu nje wakaione milima. Sasa walinzi wa hifadhi wana kazi ya kuhakikisha watu hao hawaimalizi kwa miguu yao.